Sista Anayehesabu Pumzi

Sogeeni, wanangu. Mwenye saa yenye mshale wa sekunde akae mbele, kwa sababu katika kisa hiki tutahesabu sana.

Tuko Soweto West, kimoja kati ya vijiji vya Kibera jijini Nairobi, jirani na Gatwekera. Nyumba ni za mabati na udongo, na nyingi ni chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi. Humo kitanda, humo jiko, humo mitungi ya maji, humo watu watano. Msichana wa kisa chetu ana miaka 12. Nimemtunga mwenyewe, kwa hiyo simpi jina; mpe wewe jina la mtu unayempenda. Mdogo wake wa kiume ana mwaka mmoja na miezi minne, na hulala naye kitanda kimoja.

Usiku mmoja wa Julai, baridi ya Nairobi imekaza, dada aliamshwa na joto. Mgongo wake ulikuwa kama umeegemea sufuria iliyotoka jikoni. Akageuka. Mdogo wake alikuwa akikohoa kikohozi kifupi kifupi, na tumbo lake likipanda na kushuka upesi upesi. Hakulia. Hapo ndipo dada alipoogopa, maana mtoto yule akilia kwa kawaida hata majirani wa mlango wa tatu huamka.

"Mama, amka. Mtoto anapumua vibaya."

Kulipopambazuka mama alimfunga mtoto mgongoni kwa leso, dada akabeba kijitabu cha kliniki, wakashika vichochoro, wakaruka mitaro, wakampita mama wa mandazi akianza kukaanga, hadi kliniki.

"Karibu, mama," sista akasema. "Keti hapo, mpakate. Usimvue nguo bado."

Sasa mtazameni sista huyu kwa makini. Hakukimbilia kipimajoto, wala hakumgusa mtoto. Alichuchumaa hatua mbili mbali na mama, akatazama. Je, mtoto anamtazama mtu? Je, midomo ina rangi yake ya kawaida? Je, anamng'ang'ania mama au amelegea kama nguo mbichi? Mtu mzima akiugua hueleza: kichwa hapa, kifua hapa, tangu juzi. Mtoto wa mwaka mmoja hana maneno hayo. Mwili wake ndio unaosema, na mwili huo ukishaguswa na mkono mgeni hulia, na mtoto akilia, pumzi hubadilika, moyo hukimbia, na hapo hakuna kinachopimika sawasawa. Kwa hiyo sista hodari hupanga kazi yake hivi: yasiyomwudhi mtoto kwanza, yanayomliza mwisho. Macho kwanza. Masikio na koo, ambavyo watoto wote huvichukia, baadaye kabisa.

Huku akitazama, alimwuliza mama maswali manne. Anaweza kunyonya au kunywa? Anatapika kila anachopewa? Amepatwa na degedege? Amekuwa mzito wa kuamka, au hazinduki? Yakumbukeni maswali haya, wanangu, yote manne. Jibu baya hata kwa moja tu linamaanisha mtoto yuko hatarini na hospitali haingoji. Mama alijibu: ananyonya ingawa kidogo, hatapiki, hajapata degedege, anaamka.

"Vema. Sasa tuhesabu."

Sista alikunja fulana ya mtoto taratibu, tumbo na kifua vikaonekana. Akamwita dada karibu. "Wewe shika saa. Uniambie dakika moja ikiisha, si nusu dakika." Maana pumzi za mtoto hazina mwendo mmoja: mara zinaharakisha, mara zinatulia. Ukihesabu kwa sekunde 30 kisha ukazidisha mara mbili, unaweza kudanganyika. Tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Chumba kilinyamaza. Dada alitazama mshale, na kimoyomoyo naye akahesabu.

Hamsini na mbili.

Je, 52 ni nyingi? Weka mkono wako tumboni sasa hivi, utulie, uhesabu zako kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Wewe wa miaka kumi hivi utamzidi kidogo. Watoto wachanga hupumua haraka zaidi yetu sote, na ndiyo sababu wauguzi wana mipaka kwa kila umri. Kwa mtoto asiyefikisha miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni dalili mbaya. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka mmoja, mpaka ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi miaka mitano, mpaka ni 40. Mipaka hii imo katika mwongozo wa kutibu watoto uliotungwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF katika miaka ya 1990, na Kenya huufuata. Mtoto wetu ana mwaka na miezi minne. Mpaka wake ni 40, naye ana 52. Ana kikohozi pia. Kwa mwongozo ule, hiyo ni nimonia, ambayo wazee wengi huiita kichomi.

Nawaomba mshangae pamoja nami hapa. Hakuna mashine iliyowashwa. Hakuna picha ya kifua iliyopigwa. Macho mawili, saa moja na subira ya dakika moja vimetambua ugonjwa unaoua watoto wadogo wengi kuliko karibu ugonjwa mwingine wowote wa kuambukiza duniani.

Mbona mtoto mwenye nimonia hupumua mbio? Nani kati yenu amewahi kuwasha jiko la makaa? Makaa yakiwa makavu, unapepea mara mbili tatu, moto umeshika. Makaa yakiwa na unyevu, unapepea na kupepea hadi mkono unauma. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo sana vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, na humo ndimo oksijeni inapoingia kwenye damu. Nimonia hujaza baadhi ya vifuko hivyo majimaji na usaha. Vilivyobaki havitoshi, ubongo unaona oksijeni imepungua, unaamuru kifua: pepea haraka! Na kwa mtoto mdogo kupepea huko ni kazi nzito kweli, kwa sababu njia yake ya hewa ina upana wa kidole chake kidogo, na mbavu zake bado ni laini. Hali ikizidi, sehemu ya chini ya kifua huingia ndani kila anapovuta hewa, badala ya kutanuka. Ukiona hivyo, usiulize mtu. Beba mtoto.

Na hilo jiko lenyewe, wanangu, limo katika kisa hiki. Chumba cha futi kumi kwa kumi chenye jiko la makaa au stovu ya mafuta ya taa hujaa moshi, na moshi huwachosha walinzi wa mapafu ya mtoto kabla vijidudu havijafika. Simlaumu mama anayepikia ndani. Nje kuna mvua na chakula lazima kiive. Nasema tu kwamba mlango ufunguliwe, na mtoto akae mbali na jiko.

Sista alitazama kifua: hakikuingia ndani. Akabana kidole cha mtoto kwa kifaa kidogo chenye taa nyekundu kinachopima oksijeni, kikasoma 95. Inatosha. Akampima joto kwapani: 38.9. Kisha akazungusha utepe wa rangi kwenye mkono wa juu wa kushoto. Utepe huo ni kitu rahisi mno: sentimita 12.5 na zaidi ni kijani, chini ya hapo ni njano, chini ya 11.5 ni nyekundu, na nyekundu ni utapiamlo mkali. Kwa mtoto wetu ulisoma 13.2. Mwisho akaning'inizwa kwenye mzani, akapiga kelele za kuchukia, na dada akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu usiku. Mtoto alikuwa na kilo kumi.

Uzito ulipimwa kwa sababu dawa ya mtoto hufuata kilo. Mtoto si mtu mzima aliyekatwa nusu. Figo na ini lake hufanya kazi kwa kipimo chake, na kijiko kimoja cha kubahatisha kinaweza kumdhuru. Ndiyo maana dawa ya jirani haipewi mtoto, hata kama mtoto wa jirani alipona nayo.

"Mama," sista akasema, "mtoto ana nimonia, lakini ataweza kutibiwa nyumbani. Vidonge hivi ni vya amoksilini. Unaviyeyusha kwenye maji safi kidogo kijikoni, asubuhi na jioni, siku tano. Hata akianza kucheza kesho, usiache. Baada ya siku mbili nirudishie nimwone. Akikataa kunyonya, akilegea, kifua kikianza kuingia ndani, usingoje hizo siku mbili. Uje hata usiku, au uende moja kwa moja hospitali ya Mbagathi. Sasa niambie wewe, utampaje?"

Mama akarudia maneno yote. Sista akasahihisha neno moja. Wauguzi wazuri hawaridhiki na "nimeelewa"; huomba uwaeleze ulichoelewa.

Kwenye benchi palikuwa na mama mwingine mwenye kitoto kinachoendesha tangu jana. Nitalisema lake kwa ufupi. Sista alibana ngozi ya tumbo la mtoto, kati ya kitovu na ubavu, akaachia. Ngozi ya mtoto mwenye maji ya kutosha hurudi papo hapo. Ikichukua zaidi ya sekunde mbili, maji yamemwishia vibaya sana. Hii ilirudi polepole, ila haikufika sekunde mbili. Mtoto alikunywa ORS, dawa ya paketi inayokorogwa kwa maji, pale pale kwa kijiko, kidogo kidogo. Unga wa paketi ile ni sukari na chumvi chache. Sukari hufungua mlango wa utumbo, chumvi huingia nayo, na maji huifuata chumvi. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipokuwa wakifa kwa kipindupindu kambini Bongaon, India, na chupa za maji ya mshipani zimekwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliamuru watu wanyweshwe mchanganyiko huo. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya wanne. Paketi hiyo inapatikana hapo Soweto West leo. Soma nyuma ya paketi uone ni maji kiasi gani, usikisie.

Sasa tutoke kliniki kidogo, tuzungumze kuhusu mtu wa kweli.

Jina lake lilikuwa Tabitha Festo. Alikuwa muuguzi, mjane, mama wa watoto watatu, anaishi Kibera na hana kazi. Mwaka 2000 alimwomba mwanafunzi mmoja Mmarekani, Rye Barcott, msaada wa shilingi 2,000 ili aanze kuuza mboga. Barcott akampa, akarudi kwao. Aliporudi Kibera mwaka uliofuata, Tabitha alimwonyesha zile shilingi zilikofika: alikuwa ameuza mboga, akaweka akiba, na kwa akiba hiyo akafungua kliniki ndani ya chumba chake mwenyewe. Humo alitibu majirani zake. Mwaka 2001 wawili hao pamoja na Salim Mohamed walianzisha shirika la Carolina for Kibera. Tabitha alifariki mwaka 2004, akiwa hajazeeka. Kliniki ikaendelea kukua, na leo inaitwa Tabitha, katika jengo lake huko Gatwekera.

Nimeupenda mkasa huu tangu nilipousikia, na si kwa sababu ya Mmarekani. Shilingi 2,000 watu wengi wamezipata na zikaisha. Tabitha alikuwa na ujuzi mikononi: alijua kuhesabu pumzi, alijua kubana ngozi, alijua mtoto yupi angoje na yupi asingoje. Pesa zilimpa nafasi tu ya kufanya alichokijua.

Halafu likatokea jambo ambalo watoto wa Soweto West wenyewe wengi hawalijui, nami nataka mlijue. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, kwa kushirikiana na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, iliandikisha maelfu ya familia za Soweto West na Gatwekera. Wahudumu walipita mlango kwa mlango, kila baada ya majuma mawili, wakiuliza: nani amekohoa? nani amepata homa? nani ameendesha? Wakimkuta mtoto mgonjwa, walimpima joto na kumhesabia pumzi, pale pale mlangoni. Waliougua walitibiwa bure katika kliniki ya Tabitha, na damu yao ikapimwa ijulikane ni kijidudu gani hasa.

Damu ilisema jambo zito. Homa ya matumbo, ile taifodi, ilidhaniwa na wengi kuwa ugonjwa wa wakubwa na wa watoto wa shule. Hesabu ya Kibera, iliyochapishwa mwaka 2012, ilionyesha kwamba waliopigwa zaidi walikuwa watoto wa miaka miwili hadi minne: zaidi ya 2,200 katika kila watoto 100,000 kwa mwaka. Yaani katika kila watoto 100 wa umri huo, wawili na zaidi. Maji ya mabomba yanayopita mitaroni, vyoo vichache, mikono midogo inayochezea udongo, ndiyo njia ya ugonjwa huo. Mwezi Julai 2025 serikali ya Kenya ilianza kuchanja watoto wa nchi nzima dhidi ya taifodi, kuanzia miezi tisa hadi kabla ya kutimiza miaka 15. Mtoto wa Turkana au Lamu aliyechomwa sindano ile ananufaika na hesabu iliyofanywa milangoni mwa Soweto West. Mkisikia mtu akiitaja Kibera kana kwamba ni mahali pa kupokea tu, mkumbusheni hilo.

Turudi kliniki. Mama ameenda dirishani kuchukua dawa. Sista ameketi, anamtazama dada.

"Na wewe, mami? Mbona unashika tumbo?"

"Sijambo, sista."

Sista hakubishana naye. Alitoa kadi yenye nyuso sita zilizochorwa kwenye mstari, ya kwanza ikicheka, ya mwisho ikibubujikwa na machozi. Kadi hiyo ilianzia Tulsa, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980: muuguzi Donna Wong na mwenzake Connie Baker waliona watoto walioungua moto wanashindwa kusema maumivu yao ni kiasi gani, wakawaomba watoto wenyewe wachore nyuso. "Tumbo lako ni uso upi?"

Dada aligusa wa nne.

Sista akasogeza kiti, akarudisha mlango. Kwa mtoto mdogo, maswali humwendea mama. Kwa kijana, kuna sehemu ya maswali ambayo ni yake peke yake, na muuguzi aliyefunzwa humpa nafasi hiyo. "Utakayoniambia ni yetu wawili," alisema. "Ila kama kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, hapo nitatafuta msaada, na nitakwambia kabla." Akamwuliza nyumbani kukoje, shule inaendaje, analala saa ngapi, anakula nini asubuhi, marafiki zake ni akina nani. Maswali ya kawaida kwanza, kama vile alivyoanza na macho kwa mdogo wake.

Na hapo likatoka. Mwezi uliopita dada alianza hedhi. Sasa imerudi, tumbo linamkaza, na kwa siku tatu hajaenda shule kwa sababu hana sodo na haya zimemzuia kumwambia mama, ambaye tayari ana mgonjwa.

"Huo si ugonjwa," sista akamwambia. "Maumivu yana dawa, na maji ya moto kwenye chupa husaidia pia. Na mama yako aliyapitia haya yote. Unataka tumwambie pamoja?"

Dada akatikisa kichwa kukubali. Mama alipoingia na bahasha ya vidonge, wakamwambia pamoja, naye mama akakaa kimya kidogo, akamvuta binti yake begani. Sista pia alimwambia dada jambo ambalo msichana yeyote wa shule ya umma anapaswa kulijua: tangu mwaka 2017, sheria ya Kenya inaitaka serikali kumpa sodo bure shuleni. Aulize kwa mwalimu, bila haya.

Baada ya siku mbili walirudi. Dada ndiye aliyeshika saa, na safari hii sista alimwachia ahesabu. Pumzi 36.

Basi nanyi, wanangu, usiku wa leo mdogo wenu akilala, kaeni kando yake mumhesabie kwa dakika nzima, mjue pumzi zake zinakwendaje akiwa mzima. Akikohoa na zikafikia au kupita mpaka wa umri wake, au hanywi, au anatapika kila kitu, au amepatwa na degedege, au haamki vizuri, mwamsheni mkubwa, msingoje kuche. Na kama anayeumia ni wewe mwenyewe na huna wa kumwambia nyumbani, piga 116 ukiwa popote Kenya. Ni namba ya watoto, haitozwi senti.